Kabla ya Kuwasha Kibiriti Shambani

Kwa kila kilo ya mpunga inayoingia kwenye gunia, shambani hubaki kilo moja ya majani makavu, na mara nyingi zaidi kidogo. Mahindi hayatofautiani sana na mpunga katika hili, na mtama na uwele mara nyingi huacha zaidi. Mkulima aliyepima tani mbili za mpunga amevuna karibu tani nne za mali, lakini hesabu yake huishia kwenye zile mbili alizozipeleka nyumbani. Zile nyingine huhesabiwa kuwa uchafu wa shamba, na katika mabonde mengi ya mpunga, kuanzia Kilombero na Usangu hadi Mwea na Ahero, njia iliyozoeleka ya kuuondoa uchafu huo ni kibiriti. Ushauri wa makala haya unaanza hapo, kwenye kibiriti, lakini hauishii hapo. Yako makosa mawili, na la pili halisemwi sana: kuchoma yote, na kuuza yote. Majani ya mpunga na mabua ya mahindi ni sehemu ya udongo iliyopanda juu kwa msimu mmoja. Kabla hujayagawa kwa ng'ombe, kwa uyoga, kwa banda la kuku au kwa mnunuzi mwenye lori, ardhi iliyoyatoa ipewe fungu lake kwanza, na mgawanyo huo uamuliwe wakati mpunga bado umesimama.

Tuanze na kile kinachochomwa. Tani moja ya majani makavu ya mpunga hubeba kilo 5 hadi 8 za naitrojeni, kilo moja hivi ya fosforasi, kilo 12 hadi 17 za potasi, na kilo 40 hadi 70 za silika, madini yanayoupa mpunga shina gumu lisiloanguka na jani lisiloingiliwa kirahisi na ugonjwa. Chukua hekta iliyobakiwa na tani nne za majani. Naitrojeni iliyomo ni kilo 20 hadi 30, na mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23. Kwa hiyo kila hekta inayochomwa hupoteza naitrojeni ya mfuko mzima wa urea, kwa sababu moto huigeuza karibu yote kuwa gesi. Salfa nayo huondoka kwa kiasi kinachotegemea ukali wa moto, na inaweza kufika zaidi ya nusu. Fosforasi hupungua kwa robo hivi, potasi kwa sehemu moja ya tano. Ni kweli kwamba naitrojeni ya kwenye majani haifiki kwenye mmea siku ileile kama ile ya dukani. Hutoka polepole, misimu kadhaa, kadiri majani yanavyooza. Lakini mkulima anayelalamika, na ana haki ya kulalamika, kwamba bei ya mbolea imemshinda, hana sababu ya kuipeleka angani ile aliyokwisha kuilipia.

Wapo wanaojibu kwamba jivu ni mbolea, na kwamba wazee walichoma mashamba wakavuna. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, nalo linastahili kupimwa vizuri. Jivu kweli hubakiza sehemu kubwa ya potasi, na hupunguza uchachu wa udongo kwa muda. Ila liangalie linapoangukia. Majani ya mpunga mara nyingi huchomwa yakiwa yamerundikwa pale mpunga ulipopigwa, kwa hiyo potasi ya jaruba zima inajikusanya kwenye kiduara kimoja cheusi, na msimu unaofuata utaona mpunga umestawi pale penye jivu huku kwingine umekonda. Jivu lililotawanyika nalo halina uzito. Upepo wa kiangazi huliondoa, na mvua ya kwanza hulisukuma mferejini. Kuhusu wazee, wengi wao walichoma shamba jipya lililofyekwa msituni, wakalilima misimu michache, kisha wakahama na kuliacha lipumzike kwa miaka mingi hadi miti ikarudi. Mapumziko ndiyo yaliyorudisha rutuba, moto ulikuwa wa kusafishia tu. Anayechoma eka zilezile mbili kila mwaka, bila mahali pa kuhamia, amerithi nusu ya desturi na kuiacha ile nusu iliyokuwa ikiilinda ardhi.

Sasa lile kosa la pili. Kenya, katika skimu ya Mwea, kubwa kuliko zote za mpunga nchini humo, majani yana soko: hufungwa marobota na kusafirishwa kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Hilo ni jambo jema kuliko moshi, na sina nia ya kumzuia mkulima asipate fedha ya halali. Lakini robota likipakiwa kwenye lori, kilichouzwa ni zaidi ya chakula cha ng'ombe. Zile tani nne za hekta moja zina potasi sawa na mifuko miwili ya mbolea ya potasi ya kilo 50, na wakulima wetu wengi wa mpunga hununua mbolea ya kupandia na ya kukuzia, lakini potasi hawainunui kamwe. Ukiuza majani yote msimu baada ya msimu, unachota kwenye akiba usiyoijaza. Mpunga hautakufa mwaka wa kwanza wala wa pili, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu dalili huja polepole: ncha za majani ya chini hukauka, shina hulegea, punje hujaa nusu, na lawama huangushiwa mbegu.

Ushahidi wa jinsi rutuba inavyosafiri juu ya majani uko miteremkoni Kilimanjaro. Kwa muda mrefu familia za Wachagga zimekuwa zikilima mahindi na maharage katika mashamba ya tambarare na kubeba mabua na nyasi kupanda mlima, kulishia ng'ombe wanaofungwa bandani kwenye kihamba, shamba la nyumbani. Samadi ya ng'ombe hao huingia kwenye migomba na kahawa. Kihamba kimebaki na rutuba kizazi baada ya kizazi, na sehemu ya siri yake ni kwamba kinalishwa na shamba jingine lililo chini, ambalo halirudishiwi kitu. Kagera hali ni ya namna hiyo: nyasi za rweya, ile mbuga ya wazi yenye udongo dhaifu, zimekatwa na kutandazwa kwenye kibanja cha nyumbani chini ya migomba, kibanja kikanona na rweya ikabaki fukara. Waliobuni mifumo hii walijua walichokifanya. Waliamua ardhi ipi ineemeke na ipi itoe. Mkulima wa leo anayeuza marobota anafanya uamuzi uleule, ila wakati mwingine bila kujua, na ardhi inayoneemeka ni ya mtu mwingine.

Fungu la ardhi basi liwe kiasi gani? Kwenye mashamba ya mvua ya mahindi, mtama na maharage, kipimo kinachotumiwa katika kilimo hifadhi ni kwamba wakati wa kupanda, angalau asilimia 30 ya uso wa udongo iwe imefunikwa. Huhitaji mizani kujua hilo: tembea ukivuka shamba, na kama kila hatua ya tatu mguu wako unakanyaga bua au jani, uko karibu na kipimo. Matandazo hayo hupokea pigo la tone la mvua kabla halijaupasua udongo na kuufunga uso wake, huchelewesha maji yasikimbie, na hupunguza unyevu unaopotea jua likiwa kali. Katika maeneo kama Dodoma na Singida, au Machakos na Kitui, ambako tofauti ya kuvuna na kutovuna mara nyingi ni wiki mbili za ukame katikati ya msimu, unyevu huo uliohifadhiwa ndio faida kubwa ya matandazo, kubwa kuliko mbolea iliyomo. Kwenye majaruba hesabu ni nyingine. Sehemu ya chini ya shina inayobaki imesimama baada ya kukata, pamoja na mizizi, tayari ni fungu la kwanza. Kama umekata katikati, umeshaacha kiasi kizuri. Ukikata chini kabisa na kubeba yote, hapo ndipo unapotakiwa kurudisha kitu, ama majani yenyewe, ama samadi ya mnyama aliyeyala.

Pingamizi linalowakatisha tamaa wengi ni hili: nilifukia mabua, mahindi yakawa ya manjano. Lawama hiyo ni ya kweli na chanzo chake kinaeleweka. Mabua makavu yana kaboni nyingi mno na naitrojeni kidogo. Kwa kila sehemu moja ya naitrojeni yana kaboni sehemu 60 au zaidi. Vijidudu vya udongoni vinavyoyaozesha vinahitaji naitrojeni ili viishi, na visipoipata kwenye bua huichukua udongoni, ileile ambayo mche mchanga ungeitumia. Njaa hiyo ni ya muda, kisha naitrojeni hurudi, lakini kwa mche wa wiki tatu muda huo ni mrefu. Dawa ziko kadhaa. Ya kwanza ni kuyaacha mabua juu ya udongo badala ya kuyafukia, kwa sababu yakiwa juu huoza taratibu na hayanyang'anyi mche. Ya pili ni muda: kama lazima ulime na kufukia, fanya hivyo mara tu baada ya mavuno, si wiki moja kabla ya kupanda. Ya tatu ni kuchanganya na kitu chenye naitrojeni, iwe samadi, iwe majani ya mkunde au lusina, iwe sehemu ya urea uliyopanga kutumia. Na ya nne ni mboji: tabaka la majani ya mpunga, tabaka la samadi, tabaka la majani mabichi, maji kiasi cha kulowanisha bila kutiririka, kugeuza kila baada ya wiki mbili au tatu, na katika joto letu rundo huwa tayari kwa miezi miwili hadi mitatu.

Kwa mpunga wa maji, suala la muda lina uzito wa ziada. Majani ambayo hayajaoza yakifukiwa kwenye jaruba lililokwisha kujaa maji huoza bila hewa, na kinachotoka ni gesi ya methani, inayolipasha joto anga, pamoja na tindikali zinazochoma mizizi ya miche iliyopandikizwa karibuni. Mkulima ataona mpunga umesimama tu, haukui, na mguu ukikanyaga mapovu yatatoka. Majani hayohayo yakilimiwa chini shamba likiwa bado na unyevu wa mavuno lakini halina maji, mwezi mmoja au zaidi kabla ya kufungulia mfereji, sehemu kubwa ya kuoza hufanyika kwa hewa na madhara hupungua sana. Kwa hiyo pawatila, trekta dogo la mkono, ikipita mara moja baada ya mavuno, kabla ardhi haijakauka ikawa jiwe, inafanya kazi ambayo ikipita baadaye haiwezi kuifanya.

Wengine huchoma kwa sababu ya wadudu na magonjwa, na hawa wana hoja nzito kuliko wote. Funza wanaotoboa mashina ya mahindi na mtama hubaki ndani ya mabua makavu wakati wa kiangazi, wamelala, wakingoja mvua, na bua lililosimama ndiyo nyumba yao salama. Kuchoma huwaua. Lakini jua pia huwaua. Mabua yakikatwa na kulazwa chini mara baada ya mavuno, yakaachwa yameenea juani mwezi mzima, joto na ukavu huwamaliza funza walio wengi, na bado bua linabaki shambani. Kosa ni kuyarundika au kuyaacha wima, kwani kivuli ndicho kinachowahifadhi. Mabua ya uzio na ya dari ya banda nayo yapitishwe juani kwanza, maana mara nyingi ndiyo yanayowarudisha shambani. Njia ya kudumu zaidi ni ile iliyokuzwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria: kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi ili kumfukuza nondo anayetaga mayai, na matete kuzunguka shamba ili kumvuta nje, huku desmodiamu hiyohiyo ikilidhibiti gugu la kiduha na kuongeza naitrojeni. Kwa mpunga, mkulima anayeogopa ugonjwa wa kimyanga afahamu kwamba maficho makuu ya virusi wake si majani makavu. Wanajificha katika machipukizi ya kijani yanayoota kwenye visiki baada ya mavuno na katika magugu ya kingo. Moto unaopita juu ya majani makavu huviacha visiki hivyo vichipue tena. Jembe huving'oa. Panapo ugonjwa mkali wa kuvu uliofunika shamba zima naafiki kuondoa majani ya msimu huo, lakini yapelekwe kwenye mboji inayopata joto la kutosha au yatumike kwingine, na isiwe sababu ya kuchoma miaka yote inayofuata.

Mchwa pia hutajwa, hasa katika nchi kavu: ukitandaza mabua, unawaalika. Ni kweli wanakuja. Ila mchwa wengi hupendelea kitu kikavu kilichokufa, na shamba lililofagiliwa likabaki na mahindi peke yake linawaachia chakula kimoja tu. Kule Burkina Faso, kwenye ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu, wakulima wanaochimba mashimo ya zai na kuyajaza samadi na mabua wanamtegemea mchwa huyohuyo: anakuja kwa ajili ya mabua, anatoboa njia ndani ya udongo, na mvua inapata mahali pa kuingilia. Mahali ambapo mchwa ni wengi mno matandazo yataisha kabla ya msimu kwisha, na mkulima asitegemee kufikia ule ufuniko wa asilimia 30. Lakini kilicholiwa na mchwa kimeingia ardhini, hakikupaa.

Baada ya ardhi, mifugo. Tani moja ya majani ya mpunga, ng'ombe akila kilo tano kwa siku, humtosha siku 200, na hiyo inavuka kiangazi chote. Lakini kumshibisha ng'ombe na kumlisha ni mambo mawili. Majani ya mpunga yana protini asilimia 4 hivi, chini ya kiwango kinachohitajiwa na vijidudu vya tumboni mwake ili vifanye kazi, na silika yake hufanya yameng'enywe kwa shida. Ng'ombe aliyepewa hayo peke yake atapungua uzito huku tumbo limejaa. Kuna mambo madogo yanayobadilisha hali hiyo. Kwa mpunga, tofauti na mahindi, shina humeng'enywa vizuri kuliko jani, kwa sababu silika imejaa zaidi kwenye jani. Kwa hiyo anayekusudia kulisha akate chini karibu na ardhi. Kwa mahindi ni kinyume: majani na maganda ya gunzi ndiyo bora, na bua nene la chini liachiwe shamba. Mgawanyo unajifanya wenyewe. Mabaki ya karanga, maharage na kunde yana protini mara mbili ya hayo au zaidi, na ni makosa kuyaacha yanyeshewe huku ukihangaika na mabua. Katakata, kwa panga au mashine, ili mnyama asichague na kutupa; nyunyizia maji yenye molasi na chumvi kidogo; ongeza mashudu ya alizeti au pamba, au konzi za lusina.

Anayetaka kwenda mbali zaidi aweza kuyatibu kwa urea. Kwa kila kilo 100 za majani makavu, yeyusha kilo 4 za urea katika lita 50 hadi 80 za maji, nyunyizia tabaka kwa tabaka huku ukikanyaga, kisha funika kwa turubai au nailoni bila kuacha hewa, kwa wiki mbili hadi tatu. Hewa ya amonia inayozalishwa hulegeza nyuzi ngumu na kuongeza protini, mara nyingi karibu maradufu. Hapa nasisitiza kwa uzito wote: urea ni sumu kwa mnyama akiinywa au kuilamba. Vipimo visikisiwe kwa macho, maji ya urea yasiachwe kwenye ndoo karibu na zizi, majani yatolewe na kupigwa hewa siku moja kabla ya kulishwa, na yasipewe ndama wa chini ya miezi sita, punda wala nguruwe, kwa sababu hawana tumbo linaloweza kuitumia. Na majani yaliyoota ukungu, yaliyotibiwa au yasiyotibiwa, yasilishwe mnyama yeyote. Rundo liinuliwe kutoka ardhini kwa magogo na lifunikwe juu, pembeni pabaki wazi ili hewa ipite.

Kuna jirani ambaye huwa hatumfikirii tunapowasha kibiriti, naye ni mfugaji asiye na shamba. Katika ukame wa kuanzia 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili, na miezi hiyohiyo majani yalikuwa yakichomwa mabondeni. Penye miti hapana wajenzi. Zamani sehemu nyingi mfugaji aliruhusiwa kuingiza ng'ombe shambani baada ya mavuno, wakala mabua, wakaacha samadi. Siku hizi utaratibu huo umegeuka chanzo cha ugomvi, hasa ng'ombe wanapoingia kabla jirani hajamaliza kuvuna. Njia ya kuurejesha ni kuuandika. Halmashauri ya kijiji iweke tarehe ya kufunguliwa mashamba, itaje idadi ya mifugo na njia ya kwenda kunywa maji, na mkulima akubaliane na mfugaji kwamba ng'ombe walale shambani usiku kadhaa, maana samadi na mkojo wa usiku ndiyo malipo. Asiyetaka shamba lake likanyagwe, kwa mfano mwenye udongo mzito unaoshindiliwa ukiwa na unyevu, aweke majani pembeni na kuyauza hapo. Wasukuma wamekuwa na ngitili, malisho yanayotengwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Rundo la majani lililofunikwa vizuri linaweza kuwa ngitili ya asiye na eneo la kutenga.

Uyoga ni njia ya tatu, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote kwa mwenye eneo dogo na majani machache, kwa kuwa majani hutumika na bado hayaishi. Uyoga wa mamama hukua moja kwa moja kwenye majani ya mpunga. Yakatwe vipande vya sentimita tatu hadi tano, yalowekwe usiku kucha, kisha yapikwe kwa maji ya moto au mvuke saa moja hadi mbili ili kuua vijidudu shindani, yachujwe hadi ukikamua konzi yasidondoke maji, yapoe, yafungwe kwenye mifuko pamoja na mbegu ya uyoga kwa tabaka, mikono ikiwa safi. Mifuko ikae kwenye giza wiki tatu hadi nne mpaka igeuke myeupe yote, kisha itobolewe na kuhamishiwa chumba chenye unyevu, hewa na mwanga hafifu. Wengi hushindwa kwenye usafi na kwenye mbegu ya zamani, si kwenye majani. Mifuko ikiacha kutoa, kilichomo kimelainika na kinafaa moja kwa moja kwenye bustani ya mboga.

Matumizi mengine nayataja kwa haraka kwa kuwa watu wa nyumbani wanayajua kuliko mwandishi. Majani makavu chini ya kuku hunyonya unyevu, na yakishalowana hugeuka mbolea kali. Tenga la nyanya lililotandikwa nyasi huokoa nyanya za chini zisipasuke njiani. Kapu lililojazwa majani makavu pande zote hushika joto la sufuria, na chakula huendelea kuiva bila moto. Ila maharage yachemke kwa nguvu robo saa nzima kwanza, kwani yana sumu ambayo joto la wastani haliiondoi. Udongo wa kukandika ukuta uliochanganywa na majani yaliyokatwa hupasuka kidogo. Kwa paa sishauri majani ya mpunga: hunywa maji na kuoza upesi. Nyasi ndefu zilizonyooka au makuti ni bora, na paa lolote la aina hiyo liwe na mwinamo wa nyuzi 45 au zaidi maji yateleze. Nyumba za msonge za Wahaya zilitandikwa nyasi sakafuni, na nyasi mbichi zilikuwa sehemu ya heshima kwa mgeni. Nazo zikichakaa zilikwenda migombani. Ukiyafuatilia matumizi haya, karibu yote yana mlango wa kurudi shambani. Kuchoma hakuna mlango huo.

Limebaki pingamizi la nguvu kazi, na sidharau. Kutawanya, kukusanya na kulundika ni kazi, na mvua haingoji. Hili litazidi kuwa gumu kadiri kombaini zinavyoenea mabondeni, kwa sababu mashine hukata juu na kutema majani kwa mistari minene iliyokorogeka, ambayo jembe hushindwa kuipita na mikono huchoka kuizoa. Majimbo ya Punjab na Haryana nchini India yalipita njia hiyo kabla yetu. Kombaini ziliingia, kisha mwaka 2009 sheria ya kulinda maji ya ardhini ikaahirisha upandaji wa mpunga hadi Juni, mavuno yakasogea, na mkulima akabakiwa na wiki chache tu kati ya kuvuna mpunga na kupanda ngano. Moto ukawa jibu, na kila Oktoba na Novemba moshi wake huungana na uchafu mwingine wa hewa kuifunika Delhi. Marufuku na faini havikutosha kuuzima. Kilichosaidia zaidi ni mashine za kukatakata majani na za kupanda ngano juu yake bila kuyaondoa. Sisi bado tuna nafasi ya kuchukua kombaini na mashine hizo pamoja.

Kwa hiyo kabla kombaini haijaingia jarubani, zungumza na mwenye nayo, na bei ipangwe pamoja na majani. Muulize kama ina kifaa cha kukatakata na kutawanya nyuma. Kama kipo, kifungwe siku hiyo kwenye eka unazotaka kuziachia fungu la ardhi. Eka za kulishia mifugo zikatwe chini, bila kifaa hicho, na mwenye mashine ya kufunga marobota aje ndani ya siku mbili tatu, umande ukishakauka na kabla mvua haijagusa. Kama kifaa hakipo, tenga sehemu ya fedha ya mavuno kwa vibarua wawili wenye uma wa kutawanyia, waifuate mashine siku ileile majani yakiwa mepesi. Skimu na vyama vya ushirika vinavyokodi kombaini kwa wanachama wote vina sauti kubwa zaidi kuliko mkulima mmoja, na sharti la kifaa cha kutawanya liandikwe kwenye mkataba wa kukodi pamoja na kiwango cha punje zinazoruhusiwa kupotea.